Nakala Yenye Picha Iko Wapi? Kutafuta makala za upigaji picha kupitia maktaba ya mtandaoni

Ndugu wapigapicha, wanafunzi na walimu, na nyinyi wazee wa studio mliokuwa mkisafisha filamu kwenye vyumba vya giza wakati wengine humu hawajazaliwa: shikamooni.

Kwenye dawati la marejeo, lalamiko tunalolisikia sana kutoka kwa watu wa fani yenu ni hili: "Nimetafuta, hakuna kilichoandikwa kuhusu picha zetu." Ukimuuliza mtu alitafuta vipi, anakuonyesha simu. Kisanduku kimoja, maneno mawili, photography Tanzania, na kurasa za mwanzo zimejaa wapigapicha wa harusi na matangazo ya safari za mbugani. Kilichoandikwa kipo, tena si haba. Tatizo ni maswali mawili ambayo mtafutaji hajajiuliza. La kwanza: jambo hili, walioliandika walikuwa wakiliitaje? La pili: nakala yenye picha iko wapi? Hilo la pili linawagusa nyinyi kuliko watu wa fani nyingine. Mwanasheria akipata maandishi matupu anafanya kazi yake. Makala inayochambua picha ya studio, picha yenyewe ikiwa imeondolewa, ni sawa na kusimuliwa pilau.

Lakini tuanze mlangoni, maana wengi huanguka hapo hapo.

Maktaba inapolipia jarida la mtandaoni, mchapishaji huitambua kwa anwani ya mtandao wake. Ukiwa ndani ya jengo, umeunganishwa na Wi-Fi ya maktaba, milango inafunguka yenyewe hata hujui kuwa ilikuwa imefungwa. Ukifika nyumbani ukawasha bando, anwani yako sasa ni ya kampuni ya simu. Mchapishaji hakujui, kwa hiyo anakuwekea bei. Hapo ndipo watu hutoa dola kununua makala ambayo maktaba yao imekwisha kuilipia. Ukiona bei, usilipe kwanza. Rudi kwenye ukurasa wa maktaba yako, bofya jina la kanzidata, yaani hazina ya makala za mtandaoni, kutoka huko, nawe utapitishwa kwenye lango, mara nyingi EZproxy au OpenAthens, utakapoombwa namba yako ya uanachama na nenosiri. Dalili kwamba umepita ni jina la taasisi yako kutokea juu ya ukurasa, au anwani kwenye kivinjari kubadilika na kubeba jina la maktaba.

Lango likigoma, sababu karibu kila mara ni moja kati ya hizi. Umewasha VPN, basi unaonekana uko nchi nyingine. Au kivinjari kimezuia vidakuzi (cookies), lango likashindwa kukukumbuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Au umetumia kiungo ulichohifadhi wiki iliyopita. Hiki cha mwisho ndicho kinachowatesa wanafunzi zaidi. Anwani unayoiona juu ya kivinjari katikati ya utafutaji ni ya kikao cha muda. Ukiacha ukurasa wazi ukaenda kula, kikao kinakufa na kiungo kinakufa nacho. Kila kanzidata ina kiungo cha kudumu: kwenye JSTOR kinaitwa "Stable URL", kwenye EBSCOhost "Permalink", na hizi ni mbili kati ya kanzidata kubwa mtakazozikuta. Nakili hicho. Bora zaidi nakili DOI, ile namba inayoanza na 10 ikifuatwa na nukta. Ukiiandika baada ya doi.org/ itakufikisha kwenye makala hata mchapishaji akihamisha tovuti yake yote.

Usipime hazina ya mtandaoni kwa ukubwa wa jengo. Vyuo vyetu hununua kwa pamoja, kupitia miungano ya maktaba zao: Tanzania kupitia COTUL, Kenya kupitia KLISC, Uganda kupitia CUUL, na shirika la EIFL huwasaidia kujadiliana bei na wachapishaji. JSTOR nayo ina mpango wa muda mrefu wa kuziondolea ada taasisi za Afrika zisizo za kibiashara. Chuo kidogo chenye rafu mbili za vitabu vya sanaa kinaweza kuwa na mlango wa kuingilia miaka zaidi ya hamsini ya jarida la African Arts. Uliza tu. Jibu la kweli liko kwenye orodha ya kanzidata kwenye ukurasa wa maktaba. Usiridhike na kumbukumbu ya mtu aliyekaa getini.

Na asiye mwanachama wa chuo chochote? Ana njia tatu halali. Kwanza, mikataba mingi ya usajili inamruhusu mgeni aliyeingia jengoni kwa miguu yake kusoma kwenye kompyuta za maktaba, kwa hiyo njoo ukae. Pili, JSTOR hutoa akaunti binafsi ya bure ya kusoma makala 100 kila siku 30. Unazisoma mtandaoni bila kuzipakua, na kwa mpigapicha wa kujitegemea hiyo ni neema. Tatu, kuna Maktaba ya Wikipedia. Mhariri aliyefikisha mahariri 500, mwenye akaunti ya miezi 6 au zaidi, aliyehariri angalau mara 10 katika mwezi uliopita na ambaye hajazuiwa, hufunguliwa kanzidata nyingi za kulipia bila malipo. Uhariri wa Wikipedia ya Kiswahili unahesabiwa. Mnaolalamika kwamba makala za Kiswahili kuhusu wapigapicha wetu ni fupi, mnaona mlango ulipo.

Sasa tumeingia. Kabla hujaandika neno, jiulize unataka maandishi ya aina gani, kwa sababu hayakai nyumba moja. Kuna magazeti ya fani, kama Aperture iliyoanza 1952 na British Journal of Photography iliyoanza 1854 ikiitwa Liverpool Photographic Journal. Kuna majarida ya kitaaluma: History of Photography tangu 1977, Photographies na Photography and Culture yaliyoanza yote mawili 2008, na Philosophy of Photography. Halafu kuna maandishi ya uhifadhi na kemia ya picha, ambayo wengi hawajui hata kama yapo. Kanzidata za sanaa kama Art Full Text hukusanya aina mbili za kwanza. JSTOR ina nguvu kwenye historia, anthropolojia na masomo ya Afrika. Ni kosa kudhani kwamba makala bora kuhusu picha lazima ziwe kwenye majarida yenye neno "picha" katika jina. Kuhusu pwani yetu, mengi yaliyoandikwa yako kwenye majarida ya sanaa ya Afrika na ya anthropolojia.

Hapa kuna mtego mdogo. Kwenye EBSCOhost na ProQuest, kanzidata nyingine kubwa, kuna kisanduku cha kuchuja makala zilizopitiwa na wataalamu. Walimu huwaambia wanafunzi wakitie alama kila mara. Ukikitia alama, Aperture imetoka, British Journal of Photography imetoka, na uhakiki mwingi wa maonyesho na vitabu umetoka nao. Kwa tasnifu ya historia huenda ni sawa. Kwa anayetafuta mahojiano na mpigapicha, au picha za onyesho lililofungwa miaka ishirini iliyopita, amejifungia nje mwenyewe.

Tuje kwenye maneno, na hapa tutakaa.

Neno photography kwenye kanzidata kubwa ya jumla lina wenyewe wengi. Madaktari wa macho hupiga picha za retina. Wanaikolojia hufunga kamera porini zinazojipiga zenyewe chui akipita. Wapima ardhi hupiga picha za angani. Watafiti wa afya ya jamii huwapa wanakijiji kamera na kuiita mbinu hiyo photovoice. Ukiandika photography na Tanzania bila kingine, hawa ndio watakaokupokea. Maneno ya fani yenu ni mabaya zaidi. Exposure kwa mtafiti wa magonjwa ni mtu kukutana na sumu au virusi. Film ni sinema, au utando mwembamba wa maabara. Negative ni jibu la kipimo, na developer anajenga maghorofa au anaandika programu.

Dawa ya kwanza ni kuchagua kanzidata ya sanaa badala ya kisanduku kinachotafuta kila kitu. Ya pili ni nyota (*), inayosimama badala ya mwisho wowote wa neno. Kwenye EBSCOhost, ProQuest na JSTOR, ukiandika photograph* utapata photograph, photographs, photographer, photographic na photography kwa mkupuo. Lakini angalia unapoiweka nyota. Photo* italeta usanisinuru, mitambo ya umeme wa jua na mashine za kutolea kopi. Google Scholar haiitambui nyota hiyo, kwa hiyo huko andika maneno mazima.

Dawa ya tatu, NOT, neno la kuondoa matokeo usiyoyataka, itumie kwa mkono mwepesi. NOT "camera trap" itakuondolea chui, sawa. NOT aerial itakuondolea pia makala nzuri ya historia ya picha za kikoloni iliyotaja picha za angani katika sentensi moja tu. Kabla ya kukata, jaribu kulazimisha neno lako liwe kwenye kichwa cha habari au kwenye mada. Katika utafutaji wa kina wa EBSCOhost, kila safu ina menyu ya kuchagua neno litafutwe wapi. Chagua mada, yaani Subject, au kichwa, yaani Title. Matokeo yakishuka kutoka maelfu hadi makumi, umeanza kusikia sauti za watu wa fani yako.

Sasa majina ya mahali. Kanzidata haijui kwamba Tanzania iliwahi kuitwa jina lingine. Aliyeandika mwaka 1910 hakuwa na neno Tanzania, na anayeandika leo juu ya mwaka 1910 huenda akatumia jina la wakati ule. Kwa picha za enzi hizo, safu zako za utafutaji zikae hivi:

Safu ya kwanza: photograph* OR Fotografie OR Photographie
Safu ya pili: Zanzibar OR Sansibar OR Tanganyika OR "German East Africa" OR "Deutsch-Ostafrika"
Safu ya tatu: studio* OR portrait* OR postcard*

Kila safu inaunganishwa na nyingine kwa AND, yaani zote lazima ziwemo, na ndani ya safu ni OR, yaani neno lolote kati ya hayo linatosha. Maandishi yenye nafasi katikati yatiwe ndani ya alama za nukuu, la sivyo baadhi ya mashine zitatafuta German huku na Africa kule. Wajerumani waliandika Daressalam kwa neno moja na Bagamojo kwa j. Kwa Kenya ongeza "British East Africa". Kwa Burundi na Rwanda ongeza "Ruanda-Urundi". Kwa Kongo weka "Belgian Congo", "Congo belge" na Zaire, kutegemea miaka unayoitafuta. Kadi za posta tumezitia makusudi. Picha nyingi za studio za pwani zilisambaa duniani kama kadi za posta, na waandishi wengi huzijadili chini ya jina hilo bila kutamka studio.

Majina ya watu yana taabu yake. Mohamed Amin wa Camerapix, aliyefariki 1996, utamkuta na m mbili pia. Seydou Keïta wa Mali ana nukta mbili juu ya i ambazo baadhi ya mashine hupuuza na baadhi hazipuuzi, basi jaribu zote. Studio za zamani za Unguja zilikuwa na majina ya ukoo: A. C. Gomes, Coutinho Brothers. Tafuta Gomes pamoja na Zanzibar na photograph*. Ukimwacha Gomes peke yake atakuletea Wareno wote wa dunia. Wakati mwingine jina la studio ndilo lililoandikwa na la mtu halikuandikwa, kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tafuta majina yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Na kuna majina ya mambo. Wazee wa studio, hili ni lenu. Mmefungua sanduku la negativu za miaka ya sitini, zinanuka siki na zimeanza kujikunja. Ukitafuta "negativu zinanuka siki" au tafsiri yake ya neno kwa neno, hupati kitu. Wahifadhi wanaliita "vinegar syndrome", na sababu yake ni kuoza kwa plastiki ya filamu iitwayo cellulose acetate. Kuoza huko hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hiyo huharakisha kuoza zaidi, ndiyo maana sanduku lililofungwa kabisa huharibika upesi. Andika "cellulose acetate" AND negative* kwenye JSTOR, utaingia kwenye Journal of the American Institute for Conservation. Taasisi hiyo hiyo ina mfululizo wa Topics in Photographic Preservation. Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, ndiyo iliyotengeneza vile vijikaratasi vya kupimia asidi, A-D Strips, na miongozo yake mingi ni ya bure. Kwenye katalogi ya vitabu mada yake imeandikwa hivi: Photographs--Conservation and restoration. Ni lugha ya wakutubi, haina uzuri, lakini ukiibofya mara moja inaleta rafu nzima.

Hilo linafaa kwa mada yoyote. Ukipata makala moja tu inayofaa, shuka chini ya ikisiri, ule muhtasari wa makala, uone vichwa vya mada ilivyopewa. Huenda ni "Portrait photography" au "Photography, Artistic", yenye koma katikati, jambo ambalo hakuna mtu angelibuni mwenyewe. Bofya kichwa hicho. Umeacha kubahatisha, sasa unatumia maneno ya aliyepanga hazina.

Tuchukue mfano mmoja tuupeleke mpaka mwisho. Mtu anataka kusoma kuhusu wapigapicha wa feri ya Likoni, Mombasa, wale waliokuwa na vibanda vyenye mandhari zilizopakwa rangi nyuma ya mteja. Anaandika kwenye JSTOR, utafutaji wa kina:

"Likoni" AND photograph*

Yanatoka mengi, kwa sababu JSTOR hutafuta ndani ya maandishi yote, na Likoni hutajwa pia katika makala za siasa na usafiri. Basi anabana: "Likoni photographers"~10, yaani maneno hayo mawili yakae karibu, yasipishane zaidi ya maneno kumi. Kwenye EBSCOhost angeandika Likoni N10 photograph*, na kwenye ProQuest Likoni NEAR/10 photograph*. Kila nyumba na ufunguo wake. Sasa mbele yake iko makala ya Heike Behrend katika African Arts, juzuu la 33, toleo la 3, mwaka 2000, kurasa 70 hadi 77, kisha 96.

Hiyo 96 isikupite. Jarida liliacha mwisho wa maandishi nyuma ya toleo, kama magazeti yanavyosema "inaendelea ukurasa wa". Mwenye skani aliyotumiwa na rafiki, iliyoishia ukurasa wa 77, hana makala kamili. Kila unapoona alama ya kujumlisha au koma kabla ya ukurasa wa mwisho, hakikisha ukurasa huo umo.

Kutoka hapo unakwenda pande mbili. Nyuma: tanbihi za mwandishi, alimsoma nani. Mbele: bandika kichwa cha makala kwenye Google Scholar ndani ya alama za nukuu, ubofye idadi ya waliomtaja. Huko ndani kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya waliomtaja tu. Andika Zanzibar au Lamu humo, na orodha itapungua mpaka watu unaowahitaji. Ukiwa hapo hapo Google Scholar, ingia kwenye mipangilio, viungo vya maktaba, utafute jina la chuo chako na ulitie alama. Kuanzia siku hiyo, makala ambazo maktaba yako inazo zinaweza kutokea na kiungo chake pembeni.

Sasa lile swali la pili. Umeipata makala, kuna alama mbili za kufungulia: moja ya maandishi ya ukurasa wa wavuti, nyingine ya PDF. Msiguse ya kwanza. Kwenye kanzidata za kukusanya, maandishi ya wavuti mara nyingi ni maneno matupu, picha hakuna, na wakati mwingine hata maelezo ya chini ya picha hayapo. Chuja kwa PDF tangu mwanzo. Na hata PDF ina siri zake. Mwenye hakimiliki ya picha anaweza kuwa aliruhusu itoke kwenye karatasi tu, hivyo kwenye PDF utakuta mraba mtupu wenye taarifa kwamba picha imeondolewa. Skani za zamani nazo zinaweza kuivuruga picha, vivuli vikawa lami. Rasimu ambayo mwandishi ameiweka kwenye hazina ya chuo chake huwa haina mpangilio wa kurasa za jarida, na picha huenda zimebanwa mwishoni au hazimo.

Ukikutana na mraba mtupu, nenda kwa nyumba ya pili. Fungua orodha ya majarida ya maktaba, ile ya A hadi Z, uandike jina la jarida au ISSN yake, namba ya utambulisho wa jarida. Utaona safu ya watoaji, kila mmoja na miaka yake. Isome kama ratiba ya mabasi. JSTOR huwa na toleo la kwanza kabisa lakini husimama miaka kadhaa kabla ya leo, mara nyingi mitatu hadi mitano, na mpaka huo husogea kila mwaka. Mchapishaji mwenyewe anayo mapya, kwa African Arts ni MIT Press. Mtoaji wa tatu anaweza kuwa na kizuizi cha mwaka mmoja au zaidi kwenye matoleo ya karibuni. Mtu akituambia "maktaba haina toleo la mwaka jana", kawaida amegonga mlango wa JSTOR tu. Na hakikisheni jina: Photographies si Photography and Culture, na ukikosea herufi, orodha itakujibu kwamba hakuna, bila kukusaidia.

Nyumba zote zikikosa, fuata ngazi hii. Weka Unpaywall, kiongezo kinachotafuta nakala za bure, kwenye kivinjari cha kompyuta. Kialama chake kikiwa kijani, kuna nakala halali ya bure mahali fulani. Kisha mwandikie mwandishi. Taylor & Francis, wanaochapisha History of Photography, humpa kila mwandishi viungo 50 vya bure vya kuwagawia watu, na wengi hawavimalizi. Andika barua fupi, taja makala, sema unaitaka kwa kazi gani, na uulize kama ana nakala yenye picha zinazosomeka. Mwisho njoo dawatini uombe nakala kutoka maktaba nyingine. Omba kwa rangi. Usiposema rangi, unaweza kuletewa kopi nyeusi ya makala ya autokromu, zile picha za rangi za zamani, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Kuna vya bure kabisa ambavyo havihitaji lango lolote. Jarida la Camera Work la Alfred Stieglitz, 1903 hadi 1917, iko mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Kwa wasomaji wa Kifaransa kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, jarida la Études photographiques liko wazi kwenye OpenEdition, na Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina majarida ya picha ya karne ya 19. Jarida la Swahili Forum ni huria pia. Si jarida la picha, lakini ukitaka kujua neno lilivyotumika, pitia humo. Picha zenyewe za zamani za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, ziko kwenye mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, 1860 hadi 1960. Huo si ukumbi wa makala, ila maelezo yaliyoambatana na picha yatakupa tahajia za majina ambazo utazirudisha kwenye JSTOR. Waliozoea Artstor, hazina ya picha za sanaa, wajue kwamba tovuti yake ilifungwa Agosti 2024, na picha zake sasa zinatafutwa ndani ya JSTOR.

Jambo la bando. PDF za sanaa ni nzito, picha ndizo zinazozijaza. Soma ikisiri na utazame ukurasa wa kwanza kabla ya kupakua, na zile kubwa zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba. Zitie papo hapo kwenye Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo. Faili lenye jina la tarakimu kumi na mbili kwenye simu yako halitakuwa na maana yoyote baada ya wiki mbili.

Na kuhusu hakimiliki, kwa ufupi, kwa kuwa nyinyi wenyewe mnaibiwa picha kila siku: ruhusa ya kusoma makala siyo ruhusa ya kutoa picha iliyomo na kuiweka kwenye ukurasa wako. Hata makala huria yenye leseni ya Creative Commons mara nyingi huzitenga picha za watu wengine. Soma mstari mdogo ulio chini ya kila picha.

Mkija dawatini, msije na neno "nataka makala za picha". Njooni na karatasi yenye vitu vinne: mahali na majina yake yote mnayoyajua, miaka, jina la mpigapicha au studio hata kama hamna hakika na tahajia, na makala moja mliyokwisha kuiona ikawafaa, iwe na DOI yake au angalau jarida na mwaka. Kompyuta zile za ukutani zimefunguliwa kwenye utafutaji wa kina wa JSTOR. Mwenye sanduku linalonuka siki akae kwenye kompyuta mbili za mwisho, tutakuja kukaa naye.